Vikao viwili vya kuchujwa damu nchini Ujerumani: uzoefu wangu

Mwaka jana nililipa euro 5,540 katika kliniki moja binafsi kusini mwa Ujerumani ili damu yangu itolewe, ichujwe na kurudishwa mwilini kwa vikao viwili. Kwa kuwa ndugu na marafiki wameshaniuliza kama na wao wakusanye fedha waende, nimeona niandike kwa kirefu niliyoyaona pale na niliyokuja kuyaelewa baadaye.

Ninafanya kazi ya kuwatunza wazee jijini Hannover, na kwa zaidi ya mwaka mmoja nilikuwa nikiamka nimechoka kama mtu aliyekesha msibani. Ngazi za ghorofa ya pili zilinikata pumzi, nywele zilinipukutika, na kichwa hakikutulia. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimekulia katika nyumba ambamo uchovu wa namna hiyo huitwa damu chafu. Marehemu bibi yangu alikuwa akiumikwa kila mwaka kabla ya Ramadhani, nasi watoto tuliamini kwamba ile damu nyeusi iliyoganda ndani ya pembe ndiyo ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo nilipokutana na tangazo la „Blutwäsche“, yaani kuosha damu, maneno yale yalinikuta nimeshayaamini tangu utotoni.

Neno hilo ndipo wengi tunapopotelea. Kwetu Tanzania, kusafisha damu ni huduma ya mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kazi, na Wajerumani nao hutumia neno lilelile kwa huduma hiyo na kwa ile niliyofanyiwa mimi. Lakini mashine ya figo, ambayo daktari Willem Kolff aliitumia kwa mara ya kwanza huko Uholanzi mwaka 1943, hutoa vitu vidogo sana kama urea pamoja na maji yaliyozidi. Niliyofanyiwa mimi ni kuchujwa plazma mara mbili. Kichujio cha kwanza hutenganisha seli za damu na plazma, ile sehemu ya majimaji. Kichujio cha pili kina matundu madogo zaidi, nacho hunasa vitu vikubwa vilivyomo katika plazma, kama vile lehemu (kolesteroli) ya aina ya LDL, ile iitwayo mbaya, protini za kugandisha damu na zile kingamwili kubwa. Vidogo hupita, vikaungana tena na seli, na vyote vikarudi mwilini.

Wauguzi walikuwa hodari na wapole, na hilo nalisema bila kusita. Niliwekewa sindano katika kila mkono, nikatakiwa ninyooshe viwiko kwa saa mbili, nikafunikwa blanketi kwa sababu damu inayorudi huwa imepoa kidogo. Baada ya dakika kama arobaini midomo ilianza kunichonyota, nikapewa kalsiamu, kwani dawa iliyotumika kuzuia damu isigande ndani ya mirija hushika kalsiamu iliyomo kwenye damu. Ubavuni mwa mashine ulining'inia mfuko wa plastiki uliokuwa ukijaa taratibu majimaji yenye rangi ya samli iliyoyeyuka, mazito kiasi, yenye povu jembamba juu. Kikao kilipokwisha muuguzi aliuinua mfuko ule mbele ya dirisha, mwanga ukapenya ndani yake, akaniambia kwamba yote yale yalikuwa ndani ya mwili wangu. Niliupiga picha nikamtumia mama. „Alhamdulillahi, mwanangu,“ akasema, „uchafu umetoka.“ Nami niliamini hivyo, na kwa siku tano nilijisikia mwepesi kweli.

Siku ya sita uchovu ulirudi kama ulivyokuwa. Kliniki ilinieleza kwamba sumu zilizojificha katika viungo zimeanza kuingia kwenye damu na kwamba kikao cha pili ndicho kitakachozimaliza. Katika kikao hicho presha ilishuka hadi 82 kwa 50, macho yakaingia kiza, ikabidi mashine isimamishwe kwa muda na miguu yangu iinuliwe. Michubuko ya viwiko ilikaa wiki tatu. Baadaye nilipokea ripoti ya maabara, ambayo peke yake ilinigharimu euro 340, yenye orodha ya metali na viuatilifu vilivyopatikana katika ule mfuko, kila kimoja na mstari wake mwekundu.

Niliipeleka ripoti hiyo kwa daktari wangu wa kawaida nikitarajia kwamba ataitumia kunitibu. Aliisoma yote, kisha akaniuliza swali ambalo kliniki haikuniuliza: hedhi yangu ikoje? Nilimweleza kwamba inakaa siku tisa na kwamba nilishazoea. Alipima feritini, kipimo cha akiba ya madini ya chuma mwilini, ikawa 7, kiwango cha chini sana, na picha ya ultrasaundi ikaonyesha uvimbe mbili za faibroidi katika kizazi. Kilichokuwa kikiniangusha ni upungufu wa damu. Kliniki ile ilikuwa imepima wingi wa damu kabla ya kikao cha kwanza, ikaandika 10.9, kiwango cha chini, katika faili langu, na haikuniambia lolote. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko fedha.

Kuhusu mfuko, daktari alinieleza kwamba plazma ya kila mtu mzima wa afya ni ya manjano na hutoa povu ikitikiswa, kwa sababu imejaa protini, kama ute wa yai. Vilivyokuwa katika mfuko ule vilikuwa sehemu kubwa ni mali yangu mwenyewe: lehemu, kingamwili na protini ambazo mwili wangu ulilazimika kuzitengeneza upya. Kisha nikauliza kuhusu risasi, yaani ile metali yenye sumu, iliyokuwa juu kabisa katika ripoti. Risasi iliyomo kwenye damu karibu yote hukaa ndani ya seli nyekundu, na sehemu kubwa zaidi iliyomo mwilini mwa mtu mzima imejibanza mifupani. Seli nyekundu ndizo hasa ambazo mashine ile huzirudisha bila kuzigusa. Na figo zangu, ambazo hazikuwa na ugonjwa wowote, huchuja takriban lita 180 kila siku, ilhali plazma yangu yote haizidi lita tatu hivi.

Sisemi kwamba mashine ni ya uongo. Kubadilisha plazma huokoa maisha ya watu wenye TTP, ugonjwa ambao damu huganda ovyo katika mishipa midogo, na husaidia wenye Guillain-Barré, ugonjwa wa neva unaopoozesha viungo, au udhaifu wa misuli wa myasthenia, kwa kuwa katika plazma yao mna kingamwili zinazoushambulia mwili. Hapahapa Ujerumani wapo wanaochujwa LDL kila wiki au kila wiki mbili kwa sababu ya lehemu ya kurithi, na bima huwalipia. LDL yangu pia ilishuka, ikapanda tena ndani ya wiki chache, kama inavyotarajiwa. Mwaka 2022 jarida la tiba la BMJ liliandika kuhusu wagonjwa wa Uviko wa muda mrefu waliokuwa wakisafiri hadi Ujerumani na Saiprasi kuchujwa damu kwa gharama kubwa bila ushahidi wa kutosha. Laiti ningaliisoma taarifa ile kabla ya kununua tikiti ya treni.

Madini ya chuma niliwekewa kwa mshipa. Bima ililipa, mimi nikachangia euro 10.

Anayefikiria kwenda aulize, kwa maandishi, ni kitu gani hasa kitakachotolewa katika damu yake, na kama kitapimwa kwenye damu yenyewe kabla na baada, si katika mfuko. Mimi nilipouliza nilijibiwa kwa kupewa punguzo la kikao cha tatu. Na aliyekwisha kulipa na ameazimia kwenda, amtajie daktari wa pale kila dawa anayotumia, hasa dawa za presha ambazo majina yake huishia na „-pril“, kwa sababu zikikutana na baadhi ya mashine hizi huweza kuishusha presha ghafla, na kama hedhi yake ni nzito, apime feritini kwanza.