Stata mbili nilizonunua bure: uzoefu wangu na fundi wa kukereza vyuma, Grogan

Pikapu yangu ni Peugeot 504 ya zamani, ila ndani ina injini ya dizeli ya Toyota 2L. Giaboksi imebaki ya Peugeot, kwa hivyo katikati kuna pleti ya chuma ya milimita 12, na stata, yaani mota ya kuwashia injini, imefungwa kwenye pleti hiyo. Hapo ndipo nilipoteseka miezi mitatu.

Nikiwasha, mara inashika, mara inasaga meno krrrr mpaka watu wa stejini wanageuka. Gereji iliyonibadilishia injini ikasema stata imechoka. Nikanunua nyingine ya eksi-Japani, shilingi 7,500. Kelele ile ile. Nikanunua ya pili. Mjinga mimi.

Mwishowe nikaelekezwa Kirinyaga Road, Nairobi, ambayo sisi bado tunaiita Grogan. Fundi alichomoa waya wa betri, akashusha stata, akapaka meno ya bendiksi, ile gia ndogo ya stata, rangi ya midomo (aliitoa kwenye droo ya bisibisi; sikuuliza ni ya nani). Akaifunga tena, akaisukuma bendiksi hadi kwenye ringi ya flaiwili (duara la meno kwenye gurudumu zito la nyuma ya injini), akazungusha injini kwa spana. Alipoitoa, rangi ilikuwa imefutika kwenye ncha za meno tu.

“Bosi, stata haina makosa. Tundu ndilo limetobolewa kando.”

Kumbe bolti kazi yake ni kushika tu. Kinachoiweka stata mahali pake ni ile shingo ya mbele inayoingia kwenye tundu la pleti bila kucheza. Langu lilikuwa pana, tena limesogea mbali na flaiwili karibu milimita nzima, kwa hivyo meno yalikuwa yakishikana kwa kucha. Alitaka kati ya ncha ya jino na shina la mwenzake ibaki nusu milimita au zaidi kidogo. Ukibana kabisa nako, stata inalia na kukwama.

Giaboksi ikashuka. Akapanua tundu, akapachika bushi, yaani pete ya chuma, akaitoboa upya mahali sahihi. Ringi ilikuwa imelika sehemu mbili, kwa sababu injini ya silinda nne huzimika ikisimama karibu palepale kila siku. Badala ya kuniuzia mpya, aliipasha moto, akaizungusha robo na kuirudisha ingali moto. Ikipoa inajibana yenyewe. Pia alikwangua rangi niliyoipaka pleti kwa mapambo, maana umeme wa stata hurudi kupitia mwili wake.

Lawama: aliahidi Alhamisi, nikapata gari Jumamosi. Risiti niliipata kwa kuomba mara mbili. Jumla 9,000.

Stata aliyoifunga ni ile ya kwanza kabisa. Hata asubuhi za Julai, na baridi yake, inashika mara moja. Zile mbili za eksi-Japani ziko chini ya kiti. Mwenye 2L anayehitaji aseme.