Ye Olde Trip to Jerusalem, Nottingham: uzoefu wangu na bia ya pipa

Baa hii imeegemea mwamba wa kasri la Nottingham, Uingereza, mwendo wa dakika kama kumi kwa miguu kutoka stesheni ya treni. Ukutani pameandikwa kwa herufi kubwa 1189 AD, mwaka ambao baa hudai ilianzishwa na ambao Mfalme Richard I wa Uingereza alishika ufalme, na watalii wengi huishia kupiga picha hapo. Lakini jengo lenyewe ni la karne ya 17. Baa za Bell Inn na Ye Olde Salutation Inn, zilizo mji huo huo, nazo hudai ukongwe, na mbao zao zilipopimwa zilionekana za zamani kuliko za Trip. Kwangu hilo halipunguzi kitu. Naipendekeza kwa sababu ya mwamba na bia inayotunzwa ndani yake.

Vyumba vya nyuma vimechongwa kwenye jiwe la mchanga, na stoo ya mapipa nayo ni pango. Jiwe hilo hushika ubaridi ule ule, iwe joto au baridi huko nje, na kwa bia ya pipa hiyo ni nusu ya kazi. Bia ya namna hii haitoki kiwandani ikiwa imekamilika kama ya chupa. Hufika ikiwa na chachu hai na huendelea kuchachuka humo humo pipani, kama mbege. Mtunza stoo hulaza pipa, hupigilia kijiti laini cha mbao kwenye tundu la juu ili gesi ya ziada ipumue, kisha huliacha litulie siku moja au mbili mpaka chachu ishuke chini. Ili ishuke upesi, viwanda vingi hutia utelezi unaotokana na kifuko cha hewa cha samaki. Asiyekula samaki aulize kabla ya kuagiza. Pipa la kawaida, firkin, lina galoni 9, yaani lita 41 hivi. Likishafunguliwa, kila glasi inayotoka huacha nafasi, na nafasi hiyo hujazwa na hewa. Hewa ndiyo inayoiharibu. Ubora wake ni siku tatu hivi. Baada ya hapo hupooza, kisha huanza kugeuka siki.

Ndiyo maana, ukifika kaunta, usiulize bia ipi ni nzuri. Uliza ipi inatoka sana leo. Inayotoka sana, pipa lake halijakaa. Utaona mikono mirefu ya pampu, kila mmoja una kibao chenye jina la bia na asilimia ya kilevi. Usikae mezani ukingoja mhudumu: nenda mwenyewe, agiza, lipa papo hapo. Omba kuonja kidogo kwanza. Ni kawaida na kwa jumla hutozwi. Kampuni ya bia ya Greene King ndiyo yenye baa, na bia yao ya Abbot Ale ina asilimia 5, imejaa ladha ya kimea na matunda makavu. Ni nzito kuanza nayo mchana. Ukikuta yenye asilimia 3.8 au 4 kutoka kiwanda cha karibu, anza na hiyo, tena nusu painti. Painti nzima ni mililita 568, inaizidi chupa yetu ya nusu lita.

Tazama inavyomiminwa. Mkono huvutwa taratibu, mara mbili au tatu, hakuna gesi ya kusukuma. Bia iliyolala kwenye bomba usiku kucha haifai, na baa makini huimwaga kabla ya mteja wa kwanza. Ukipewa glasi, iinue kwenye mwanga. Kama si aina inayokusudiwa kuwa na ukungu, iwe angavu. Ukungu mara nyingi maana yake pipa limetikiswa, halijatulia, au limefika kwenye mashapo. Inuse: siki ni dalili ya pipa lililokaa wazi mno, harufu ya boksi lililoloa maji ni bia iliyopigwa na hewa. Irudishe kwa upole ukiwa umekunywa funda moja tu, wala usiimalize nusu ndipo ulalamike. Baa inayojiheshimu, popote Uingereza, hukubadilishia bila ubishi.

Halafu suala la joto. Bia hii hutolewa kwenye nyuzi 11 hadi 13. Aliyezoea kuulizwa "baridi au ya moto?" ataiona iko katikati, na gesi yake ni ndogo, kwa hiyo funda la kwanza linaweza kukupa wasiwasi. Vumilia. Ubaridi mkali huficha ladha, na hapa kila ladha iko wazi: uchungu wa hopsi (maua yanayotiwa kwenye bia), utamu wa shayiri, hata matunda. Wanywaji waliounda CAMRA, chama cha kutetea bia ya pipa, mwaka 1971 walikuwa wakiitetea bia hii hii, wakati viwanda vikubwa vilipokuwa vinahamia bia iliyochujwa, ikapashwa moto na kujazwa gesi. Naona walikuwa na haki kabisa.

Kaa juu, Rock Lounge. Ngazi ni nyembamba, kwa hiyo nunua kwanza kisha panda na glasi moja moja. Humo kuna mfano wa jahazi uliofunikwa na vumbi zito, sasa uko ndani ya kioo. Inasemekana waliowahi kuusafisha walikufa ghafla. Mwamba humeguka chembe za mchanga, basi usiweke glasi moja kwa moja chini ya sehemu inayopukutika. Kuna pia mchezo wa Ring the Bull: pete imefungwa kwenye kamba inayoning'inia kutoka darini, nawe unatakiwa kuinasa kwenye pembe iliyo ukutani. Wageni huirusha moja kwa moja, na hugonga ukuta tu. Isukume kwa upande, izunguke kama upinde, iifikie pembe ikiwa imeanza kupoteza kasi.

Nenda katikati ya wiki, saa nane au tisa mchana. Jumamosi jioni vyumba hivi vidogo hufurika, na kiti ndani ya pango ni bahati.