Polisi na makaratasi ya shahidi: Los Angeles na Texas

Umeibiwa, umeita polisi. Ataanza na mwizi au na makaratasi yako ya uhamiaji? Marekani jibu linategemea ulipo.

Los Angeles, tangu 1979, Amri Maalumu Namba 40 ya polisi wa jiji inamkataza askari kuanzisha jambo lolote kwa lengo la kujua hali ya mtu ya uhamiaji. Sababu ni ya kikazi zaidi kuliko huruma: mama aliyepigwa na mumewe akiogopa kurudishwa kwao, hafiki kituoni, na kesi inakosa shahidi.

Texas, sheria ya SB 4 ya 2017 inaizuia miji kuwakataza askari wasiulize. Aliyekamatwa anaweza kuulizwa. Kwa mwathirika na shahidi kuna breki: aulizwe pale upelelezi unapolazimu, au ili aelezwe kuhusu viza za kumlinda. Breki hiyo naiona legevu, maana anayepima ulazima ni askari yuleyule.

Viza ya U, ya waathirika wa uhalifu fulani wanaosaidia upelelezi, ipo kote kuwili, 10,000 kwa mwaka kwa waathirika wenyewe, ila lazima polisi, mwendesha mashtaka au chombo kama hicho kithibitishe kwa saini kwamba ulitoa, unatoa au huenda utatoa ushirikiano. Mkongo wa Houston, Texas, asiye na makaratasi namshauri aanze kwa wakili. Kama damu inatoka, apige 911, namba ya dharura, kwanza.