Skrini ya Orwell na damu ya Gattaca: nani anachunguzwa?
Katika riwaya ya George Orwell, 1984, iliyotoka mwaka 1949, skrini za ukutani zinawatazama na kuwasikiliza wanachama wa Chama kinachotawala hadi majumbani mwao. Walalahoi, ambao ndio wengi, wameachwa karibu bila skrini. Hawahesabiki.

Filamu ya Gattaca (1997) inatisha kuliko hiyo, kwa maoni yangu. Humo mwili wenyewe ndio unaomsaliti mtu: unywele mmoja, tone la damu au mkojo, na vinasaba vimeshaamua nani awe mwanaanga na nani apige deki. Vincent, mhusika mkuu anayejifanya mtu mwenye vinasaba bora, hujisugua ngozi ili asiache chembe yake kazini. Winston, mhusika mkuu wa Orwell, alipata angalau kona ya kuikwepa skrini akaandika shajara. Damu yako utaificha wapi?