Kwadi ya gia kwa mchanga wa Malindi: ulizia rivasi kabla ya cc

Wengi wanaoniuliza wanunue kwadi gani, yaani pikipiki ya magurudumu manne, huanza na ukubwa wa injini. Mimi huwauliza wataiendesha wapi. Ukishavuka daraja la Sabaki kuelekea Mambrui, ukaiacha lami na kuingia kwenye matuta ya mchanga, jambo la kwanza si mbio. Ni kama chombo kinaweza kurudi nyuma, na kinarudi vipi.

Kwadi yangu ya kwanza haikuwa na rivasi. Muuzaji alinitajia gia tano, nami sikuuliza zaidi. Wiki hiyo hiyo niliteremka bondeni kati ya matuta mawili, pua ikagota kwenye ukuta wa mchanga na matairi ya mbele yakazama. Mbele hakuna njia, nyuma hakuna gia. Tulikuwa wawili, jua la saa saba, tukaishika ekseli ya nyuma na kuizungusha kidogo kidogo. Kwadi za mashindano za daraja la cc 450 hufika kilo 180 na ushei zikiwa na mafuta, na mchangani uzito huo ni kama mara mbili.

Kwa hiyo elewa kwanza rivasi ya kwadi ya gia ilivyo. Kwenda mbele una gia tano, pengine sita. Kurudi nyuma una moja tu. Ndani ya giaboksi huingia meno ya ziada katikati ya shafti mbili, zile fito za chuma zinazozunguka, na shafti ya kutolea ikaanza kuzunguka kinyume. Nguvu yake hukaribia ya namba moja, haina ya pili ya kuongezea. Pia si gia ya kuingilia kwa bahati mbaya: lazima usimame kabisa, ubonyeze kitufe au uzungushe kishikizo cha kufuli, ndipo mguu ushushe gia. Kwenye baadhi ya kwadi rivasi iko chini ya nyutro, kwenye nyingine iko chini ya namba moja. Mwambie muuzaji akuonyeshe, kisha ufanye mwenyewe mara tatu. Kwadi nyingi pia hupunguza mizunguko ya injini zikiwa kwenye rivasi, kwa hiyo ukisikia injini inakatakata unapoongeza resi, huenda ni kizuizi kilichowekwa kiwandani, si ubovu.

Kwenye cheni kuna jambo ambalo watu hawaliangalii. Ukienda mbele, upande wa juu wa cheni ndio unaovuta. Ukirudi nyuma, mzigo unahamia upande wa chini, ule uliokuwa umelegea. Cheni iliyolegea kupita kiasi itaruka meno ya sproketi, lile gurudumu la meno linaloshika cheni, hapo hapo, wakati umekwama na unalazimisha. Nimeona cheni ikikatika hivyo na kupasua kifuniko cha injini.

Sasa mpangilio wangu, kwa mtu wa Malindi anayenunua kwadi iliyotumika, iwe ya kazi au ya kukodisha wageni.

Ya kwanza ni Honda Rancher 420 ya kubadilisha gia kwa mguu. Ina gia tano na rivasi, na klachi hujifanyia kazi yenyewe, kwa hiyo mgeni asiyejua klachi hawezi kuiunguza kirahisi. La muhimu kuliko yote, inaendeshwa kwa shafti. Hakuna cheni ya kuliwa na mchanga wala chumvi, na ile shida ya cheni kuruka kwenye rivasi haipo. Angalia vizuri unachouziwa, maana zipo Rancher za kubadilisha gia kwa vitufe vya umeme, na kwa hewa yetu ya bahari mimi napendelea mguu. Kama mfuko haufiki huko, ndugu yake mdogo Recon ana mpangilio huo huo wa gia tano, rivasi na shafti, japo injini yake ni cc 229 na matairi yanayovuta ni mawili ya nyuma tu. Kubeba madafu, maji au vifaa vya ujenzi hadi kwenye nyumba za ufukweni, inatosha.

Ya pili ni zile za michezo zenye rivasi: Yamaha Raptor 700, Suzuki LT-Z400, na Honda TRX400EX. Hapa klachi ni ya mkono kweli kweli. Kwenye TRX400EX kuwa macho na mwaka: zilizotengenezwa kuanzia 1999 hadi 2004 hazina rivasi, iliongezwa kwenye za 2005. Kwa nje zinafanana sana, na muuzaji anaweza asijue. Raptor ina nguvu ya kupanda tuta lolote la Mambrui, lakini usimkabidhi anayejifunza.

Ya tatu ni za Kichina za cc 200 hadi 250 zenye gia tano na rivasi. Nyingi zina injini za jamii ile ile ya bodaboda, na fundi yeyote mjini atakufungulia. Udhaifu wake mara nyingi uko kwenye rivasi yenyewe: waya wa kuivuta hushika kutu, gia ikagoma kuingia au ikachomoka yenyewe. Nunua ukijua utabadilisha waya huo mapema.

Mwisho kabisa naziweka zisizo na rivasi: Yamaha YFZ450R, Honda TRX450R, na Banshee 350 ya zamani yenye gia sita. Ni mashine nzuri, na mwendeshaji hodari anayejua kugeuza kwa kuteleza ataifurahia. Lakini kwa kukodisha, au kwa mtu anayetoka peke yake, nakusihi usinunue.

Sasa sproketi, kwa sababu hapa unaweza kuiokoa kwadi isiyofaa. Tuseme mbele kuna meno 14 na nyuma 38. Hiyo ni 2.71. Ukiweka 13 mbele inakuwa 2.92, yaani mvuto unaongezeka karibu asilimia 8 katika kila gia, rivasi ikiwemo. Unapoteza mbio za mwisho, ambazo mchangani huzihitaji, na klachi inapumua. Kinyume chake, ukivalisha matairi makubwa kuliko yaliyokuja nayo, umerefusha gia zote, na rivasi ndiyo itakayolalamika kwanza. Matairi ya makasia, yale yenye mapezi yaliyojikunja kama kijiko, huchota upande mmoja tu. Kurudi nyuma nayo ni kazi, hasa kaskazi ikishakausha mchanga.

Siku ya kununua, usiijaribu barabarani. Ipelekeni mchangani. Injini ikishapata moto, ingiza rivasi mara kadhaa na usikilize: mlio mmoja wa kuingia ni kawaida, mkwaruzo unaoendelea si kawaida. Rudi nyuma kwenye mwinuko mdogo, uone kama gia inachomoka na kama taa ya rivasi inawaka. Kwadi ikianza kukurudisha nyuma kwenye tuta, shika breki ya mbele taratibu. Ukiibana ya nyuma peke yake inaweza kukupindukia. Ukikwama, usipandishe resi. Chimba nyuma ya matairi, kisha rudi kwa nyayo zako mwenyewe, maana mchanga huo umeshakandamizwa.

Maji yakipwa, mchanga wa chini ni mgumu na unashawishi, lakini kasa hutaga mayai kwenye fukwe zetu hizi. Kaa mbali na sehemu kavu ya juu.

Na ukifika nyumbani, osha kwa maji yasiyo na chumvi, halafu tia mafuta kwenye waya wa rivasi hata kama siku hiyo hukuutumia.