Uzoefu wangu: nimeuziwa kitabu cha fotokopi kwa bei ya orijino, na juu kimefungwa karatasi la zawadi

Kama unanunua vitabu vya zawadi za Krismasi kwa hawa wauzaji wa mtandaoni wa Dar, mwambie akutumie video anakifungua kitabu ndani, usikubali picha ya jalada. Jalada linadanganya jamani. La kwangu lilikuwa linang'aa mpaka raha.

Iko hivi. Baba mkwe ni mwalimu mstaafu, yuko Marangu, somo lake lilikuwa Kiswahili, na tangu ile 2021 mwandishi Abdulrazak Gurnah aliposhinda Nobel ya fasihi mzee akawa na wimbo mmoja tu, kwamba mtu kazaliwa Zanzibar, wazungu wote wanamsoma, sisi wenye Kiswahili chetu tunamsikia redioni. Mwaka uliofuata Peponi ikatoka, riwaya yake Paradise kwa Kiswahili, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, nami nikawa najisemea tu kuna siku nitamnunulia. Basi Desemba hii tunajiandaa kwenda nyumbani nikasema lazima. Nikaongezea na vya hadithi vya watoto, maana yale madaftari na vitabu vya shule vya Januari hayo ni maumivu mengine kabisa, mtoto huwezi kumwambia eti ndo zawadi.

Kabla sijalipa, kwa huyo muuzaji wa mtandaoni nilikuwa "kipenzi". Kipenzi vipo, kipenzi ni orijino, kipenzi leo leo tunapandisha basi. Na kweli alipandisha, hapo sina neno, mwezi wa 12 ule ambao basi za Moshi watu wanagombania hata kiti cha kondakta, mzigo ulifika na namba yangu imeandikwa kwa makapeni kubwa juu ya boksi. Ndani kila kitabu kimefungwa peke yake, utepe mwekundu, kikadi cha Krismasi njema. Nilifurahi mimi! Nikamtumia na sauti ya kumshukuru.

Sasa sikukuu yenyewe, tumetoka kanisani, mtori umeshanyweka, watoto wanachana makaratasi. Mzee yeye hachani, anafungua taratibu anakunja karatasi anaweka pembeni. Akavaa miwani. Akafunua, gundi ikalia kwaa, kurasa za mwanzo zikabaki mkononi kama karanga zilizopukuchuliwa. Kimya. Akageuza mbele, maandishi yamelala upande, mstari wa chini umekatwa, wino mara umekolea mara umepauka, halafu kuna ukurasa mmoja, naapa, kidole gumba cha aliyekuwa anabana kitabu kwenye mashine kimetokea chote, na kucha yake. Mzee akaniangalia juu ya miwani, "Mwanangu, hiki ulikilipia?" Mume wangu ghafla akawa anatafuta pilipili.

Nikatoka nje nikampigia jamaa hapohapo, sikukuu sijui nini mimi sikujali. Nikamweleza vizuri tu, kwa adabu. Akanijibu, na ndo kilichonifanya niandike haya yote, "Wee dada, kwani maandishi si yanasomeka?"

Eti si yanasomeka! Kipenzi imeshaisha hapo, sasa ni wee dada. Nikamwambia hii kitu ina sheria, hakimiliki ina sheria yake Tanzania, ile ya 1999, aliyeandika na aliyetafsiri hawapati hata shilingi kwenye hiyo fotokopi yako. Akacheka. "Kwa hiyo unanipeleka polisi kwa ajili ya kitabu?" Akakata. Kupiga tena haipatikani.

Tuwe wa haki lakini. Vya watoto vilikuwa orijino, karatasi nzito, rangi zimetulia, binti yangu alilala nacho kimoja na asubuhi alikuwa anawasomea binamu zake kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Kufunga mzigo anajua, kutuma anajua. Kwa hiyo nilisema nimpe nyota tatu, labda hicho kimoja na yeye kauziwa hivyohivyo huko alikochukua, biashara ya mwisho wa mwaka unajua tena, watu wanabeba chochote. Vya watoto hata ningekushauri ununue kwake.

Ila siku moja kabla hatujaondoka nikamkuta mzee kwenye kibaraza na penseli. Anasoma, akifika pale mstari ulipokatwa anaandika mwenyewe maneno anayodhani yalikuwepo, mwandiko ule wa ubaoni, mzuri, ulionyooka. Ananiambia bila hasira kabisa, huyu kijana Yusuf nimemuelewa, ila hapa sina hakika kama Gurnah kasema hivi au nimemsaidia. Mwalimu mzima anasahihisha fotokopi! Damu ikanichemka upya. Hapana, nyota tatu nimezifuta, hata moja hapati, na hivyo vya watoto pia msinunue, mnajuaje kesho hatawachanganyia? Mtu ambaye anakwambia si yanasomeka hana habari kama unasoma au unafungia vitumbua.

Hela hajarudisha. Na juzi nimepita duka la kawaida tu la vitabu mjini, Peponi ipo kwenye shelfu, orijino, nimeifungua palepale dukani ukurasa kwa ukurasa mpaka muuzaji akaanza kunikodolea macho. Bei yake ni ileile niliyomlipa jamaa. Ileile!