Vitufe vya kuongea vya mbwa: miezi minne na Bosi

Niseme mapema kabisa sijalipwa na mtu, vitufe nimenunua mwenyewe mtandaoni, seti ya sita, kama elfu 60 pamoja na usafiri. Ni vile vya bei rahisi, sio vile vya Marekani vinavyopangwa kwenye vibao vya pembe sita. Kazi yake ni nyepesi: unarekodi neno kwa sauti yako, mbwa akikanyaga, neno linatoka. Bosi ni mbwa wa kienyeji, nilimuokota Mbezi akiwa mdogo, na akili za mtaani bado anazo.

Hii kitu ilipata jina kupitia dada mmoja wa Marekani anaitwa Christina Hunger, alianza 2018, kazi yake ni kusaidia watoto wenye shida ya kuongea, wengine hutumia vifaa vya kubonyeza ili maneno yatoke, sasa akajiuliza na mbwa wake Stella je? Akaanza na neno moja tu, nje. Na mimi nikaanza hapohapo.

Sasa ndo nikagundua nyumba yetu haina lugha moja. Mimi nasema chakula, mdogo wangu anasema msosi, dada wa kazi anasema njoo ule, mwanangu yeye anagonga tu bakuli. Mbwa ashike lipi? Ikabidi niitishe kikao, kikao kweli kabisa, tukakubaliana ni "chakula" na atakayesema msosi anaosha vyombo. Halafu "nje" ni neno fupi mno, spika ya hivi vitufe inalimeza, ukibonyeza unasikia "ye". Nikarekodi upya "twende nje" hapo ikaeleweka.

Wiki tatu nzima kila nikifungua mlango wa nyuma nabonyeza kwanza, nasema, ndo nafungua. Jirani alinikuta nabonyeza kwa kidole cha mguu mikono imejaa nguo za kuanika akaniuliza dada uko sawa? Bosi mwenyewe alikuwa ananiangalia tu kama mtu anayesubiri chenji. Halafu jumapili moja nakaanga maandazi nasikia kucha zinakwaruza, nikageuka nikaona kaweka mguu juu ya kitufe lakini hajakandamiza vizuri, kimya, akaniangalia, akakiangalia kitufe, akakikanyaga kwa miguu yote miwili. "Twende nje." Maandazi yaliungua na sijali.

Ila nisiwadanganye kwamba mbwa anaongea. Kila jioni jirani akiwasha jiko la mishkaki Bosi anabonyeza twende nje, namtoa, hakojoi wala nini, anakaa kwenye fensi na pua juu. Sasa "nje" kwake ni choo, ni matembezi au ni mishkaki? Na kuna yule farasi wa Ujerumani, Hans, watu waliamini anajua hesabu mpaka 1907 ikaonekana alikuwa anasoma tu uso na mwili wa anayemuuliza. Kwa hiyo nilianza kukaa chumba kingine, na hata huko namsikia anabonyeza, basi angalau sio uso wangu. Watafiti wa chuo kikuu cha California pale San Diego wakiongozwa na Federico Rossano nao walijaribu mbwa 59, wakakuta neno kama nje au kucheza mbwa analifuata vilevile liwe limetoka mdomoni mwa mtu au kwenye kitufe. Wakaangalia pia mbwa 152 kwa miezi 21, wanapobonyeza maneno mawili pamoja haiwi bahati nasibu tu. Sawa, ila wale wanaoweka video mbwa anauliza maana ya maisha, mimi sipo hapo.

Ubaya wa bidhaa sasa. Vinateleza kwenye marumaru, nimevigandisha na soltepu ya pande mbili na bado kimoja huwa nakikuta chini ya friji. Vinakula betri ndogo zile za rimoti, mbili kila kitufe, na humu ndani betri haikai, tamthilia ikianza tu kuna kitufe kinakuwa bubu na hakuna aliyechukua. Na cha "chakula" sikushauri kabisa uanze nacho, nilikiweka siku mbili kikabonyezwa mpaka nikakificha kabatini.

Kubwa zaidi, havina swichi ya kuzima. Mama alikuja kutoka Tanga, analala chumba cha jirani na jiko, na mbwa ndani ya nyumba tayari ilikuwa kesi. Saa tisa usiku, umeme umekatika, giza totoro, akasikia sauti yangu mimi mwanae inaita taratibu "twende nje... twende nje." Mnajua wenyewe ukiitwa usiku huitikii. Hakuitika. Alikaa kitandani anasoma kila dua anayoijua mpaka adhana ya alfajiri, asubuhi akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, weye ulikuwa waniita usiku?" Mimi nacheka, yeye hacheki, Bosi kashaharibu sakafu ya jikoni.

Siku hizi usiku vitufe vinalala juu ya friji.

Nyota 3 kati ya 5, ya spika na ya betri nimekata. Kimebaki kitufe kimoja hakina neno, mama kasema turekodi "hodi", maana kama mbwa kakaa ndani basi awe na adabu.